Mungu wa Waraka Namba Kumi na Nne

Katika Jamhuri ya Lundaya, nchi ambayo haimo kwenye ramani yoyote kutokana na uzembe wa wachora ramani, alikuwepo mwalimu mkuu mmoja aliyeitwa Skolastika Mbepera. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya uwanja wa mpira bila kipaza sauti, na alikuwa ameiongoza Shule ya Msingi Darajambili kwa miaka kumi na tisa. Walimu wakuu wengine wa wilaya walihamishwa kila baada ya uchaguzi. Yeye alisahaulika, kwa sababu jina la shule yake lilikosewa kwenye orodha, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kurekebisha herufi.

Kila asubuhi saa moja na nusu, watoto mia nne na kumi na wawili wa Darajambili walisimama mstarini mbele ya bendera, mkono wa kulia kifuani, wakatamka Ahadi ya Asubuhi. Ahadi ilikuwa fupi, maana waliitunga wazee walioleta uhuru, watu waliokuwa na haraka: "Mimi mtoto wa Lundaya naahidi mbele ya bendera hii: nitaipenda nchi yangu, nitasema kweli, nitafanya kazi, pamoja na wenzangu wote." Ikiisha, watu waliingia darasani.

Wazee haohao waliandika pia katiba, na ibara yake ya tatu ilisema kwamba serikali ya Lundaya haina dini, ila wananchi wake wanazo, na kila mmoja abaki na yake kwa amani. Ibara hiyo ilipendwa sana. Iliandikwa ukutani katika kila ofisi ya umma, kwa rangi ya mafuta, nyuma ya mlango.

Basi mwaka mmoja matokeo ya mtihani wa darasa la saba yakatoka, na hesabu ikawa msiba. Waziri wa Elimu, Maadili na Mengineyo, Mheshimiwa Dakta Pankrasi Tundulazi, akaitwa bungeni ajieleze. Watu walitegemea atazungumzia uhaba wa vitabu, au madarasa yenye watoto mia na ishirini. Mheshimiwa hakupoteza muda kwa mambo madogo.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "wizara yangu imefanya utafiti wa kina wa siku mbili, na imebaini chanzo. Ahadi ya Asubuhi haimtaji Mungu! Mtoto asiyemtaja Mungu asubuhi, atagawanyaje desimali mchana?"

Bunge zima lilisimama kupiga makofi, kwa kuwa hakuna mbunge aliyetaka kuonekana amekaa wakati Mungu anatajwa.

Wiki mbili baadaye Waraka Namba 14 ukafika Darajambili. Skolastika aliusoma akiwa amesimama, kisha akausoma tena akiwa ameketi. Uliagiza maneno "mbele ya Mungu na" yaingizwe kabla ya "mbele ya bendera hii". Uliagiza yatamkwe kwa sauti isiyopungua ile ya maneno mengine. Uliagiza pia kwamba mtoto akifika hapo ainue kidevu kwa nyuzi kumi na tano, na mchoro wa kidevu ulikuwa umeambatishwa, ukiwa na mhuri.

Ieleweke kwamba Skolastika hakuwa na ugomvi na Mungu. Alikuwa Mkatoliki wa kuamka alfajiri. Alisali kabla ya kuwasha jiko, na Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Alijiambia: neno jema limeongezwa kwenye maneno mema, kuna ubaya gani? Akaliandika ubaoni kwa chaki ya rangi, na Jumatatu watoto wakalitamka, videvu juu.

Siku ya Jumatano wiki iliyofuata, Padre Fokas na Shehe Mwinjaa walifika ofisini kwake juu ya pikipiki moja, Shehe akiendesha. Kila Ijumaa asubuhi wawili hawa walifundisha kipindi cha dini pale shuleni, kila mmoja na watoto wake katika chumba chake. Kwa miaka mingi ugomvi wao pekee ulikuwa nani apewe chumba chenye mlango.

"Tumsifu Yesu Kristo," Padre alisalimu.

"Milele, amina. Karibuni, Baba. Shehe, karibu kiti."

"Ahsante mama, nitasimama, nina hasira," Shehe alisema. "Jana nimewaongoza watoto wa madrasa katika dua. Tumefika mwisho, nangoja waitikie 'amin'. Wote kwa pamoja wakapaza sauti: 'Pamoja na wenzangu wote!' Na videvu wameinua."

"Wako wameinua videvu tu," Padre alisema. "Wangu nilipotaja jina la Mungu waligeuka kutafuta bendera. Kanisani hamna bendera. Wakakitolea heshima kitambaa alichofua mama mlezi wa altare, kimeanikwa dirishani."

Skolastika alibanwa na kicheko, akakohoa.

"Swali letu ni dogo," Padre aliendelea. "Huyo Mungu wa kwenye waraka ni yupi? Ni wa kwangu, ni wa Shehe, au serikali imejipatia wake?"

"Nitawauliza wizarani," alisema Skolastika, na siku hiyohiyo akaandika barua.

Majibu yalirudi baada ya siku nne. Tangu uhuru, hakuna barua Lundaya iliyowahi kujibiwa kwa siku nne, na kwa hilo tu Skolastika alijua kwamba swali lilikuwa limewauma watu. Jibu lilikuja kwa jina la Waraka Namba 14A, nalo lilisema hivi:

"Imebainika kwamba baadhi ya wananchi wanalipotosha neno 'Mungu'. Wizara inasisitiza kuwa, kwa kuheshimu ibara ya tatu ya katiba, neno 'Mungu' lililomo katika Ahadi halina maana yoyote ya kidini. Ni neno la kawaida la kizalendo, kama vile 'gwaride' au 'mlingoti'. Yeyote anayedhani kuwa anamtaja Mungu wakati anapolitamka, anakosea, na aache mara moja."

Padre Fokas alipousoma alitafuta kiti. Shehe Mwinjaa alisema astaghfirullah mara tatu, akavua miwani.

"Mama," alisema, "mimi nimeishi na watu wasiomwamini Mungu. Nakaa nao barazani, nakunywa nao kahawa, hawana neno. Lakini hawa wanamtaja kila asubuhi kwa lazima, kisha wanatoa waraka kwamba hawakumaanisha!"

"Kwa mhuri," Padre aliongeza.

Skolastika alikuwa mtumishi mtiifu. Mwalimu wa zamu aliusoma waraka mstarini kama ulivyokuja, na Ahadi ikaendelea. Lakini Jumapili ile, kanisani, kwaya ilipofika kwenye jina la Mungu katika wimbo aliouimba tangu akiwa msichana, Skolastika alihisi kidevu chake kinapanda chenyewe. Mkono wake ulikuwa tayari kifuani. Na lile jina lilipita kinywani mwake jepesi, halina ladha, kama amesema "mlingoti". Akanyamaza. Wenzake wa sauti ya pili walimwangalia kwa pembeni, wakidhani amesahau maneno. Hakuwa amesahau. Alikuwa na hofu ya mtu anayeingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa nyumba yake na asiukute.

Kesho yake, mstarini, ndipo alipomwona Semeni.

Semeni Kibwana alikuwa darasa la saba, mdogo wa umbo, na katika mtihani wa majaribio alikuwa ameongoza hesabu wilaya nzima. Aliishi na bibi yake, Mwanahija, muuza vitumbua wa nyuma ya soko. Alitamka "naahidi" kama wenzake, kisha akafumba mdomo, wenzake wakapita na neno lao, kisha akaufumbua kwenye "mbele ya bendera hii". Skolastika akamwita ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Semeni, unaumwa jino?"

"Hapana, mwalimu."

"Mbona pale katikati unafumba mdomo?"

Mtoto alitazama vidole vya miguu yake. "Bibi alinifundisha nikimtaja Mungu niwe ninamwambia kitu. Mstarini simwambii kitu. Ninaiambia bendera."

"Sema tu basi, kama wenzako."

"Nilikuwa nasema, mwalimu. Halafu tukasomewa ule waraka, kwamba halina maana. Na Ahadi inasema nitasema kweli. Nikilitaja jina lake huku halina maana, nitakuwa nimedanganya nikiwa naahidi kusema kweli."

"Na wenzako je? Wanadanganya?"

"Sijui ya kwao, mwalimu. Mimi linanikwama."

Skolastika alitaka kumkaripia, maana ndiyo kazi ya mwalimu mkuu. Badala yake aliona wivu. Mtoto huyu bado alikuwa na kitu ambacho yeye alikikosa jana kanisani.

"Nenda darasani," alimwambia. Akaamua kwamba hakuona kitu.

Kwa bahati mbaya, Lundaya ilikuwa na watu walioajiriwa kuona. Alhamisi alifika Bwana Gervas Lyoto, Mkaguzi wa Ahadi wa wilaya, mwanamume mrefu mwenye kofia ya kijani ya kazi na darubini shingoni. Alisimama kwenye ngazi ya ofisi na Fomu ya Ukaguzi wa Midomo mkononi, akawapitia watoto mstari kwa mstari wakati wakitamka. Alipomaliza alimfuata Skolastika ofisini.

"Mwalimu Mkuu, shule yako ina midomo mia nne na kumi na miwili. Midomo mia nne na kumi na mmoja imefunguka ipasavyo. Mdomo namba mia tatu na sita haukufunguka."

"Huenda alikuwa anameza mate."

"Niliangalia koo pia. Halikupanda." Lyoto aliweka karatasi mezani. "Msichana arudishwe nyumbani mpaka atakapotamka. Weka sahihi hapa."

"Bwana Lyoto, mtihani wa taifa ni wiki mbili zijazo. Ukimrudisha nyumbani, hataufanya."

"Fomu haina nafasi ya mtihani. Ina nafasi ya sahihi."

"Kalamu yangu imeisha wino."

"Chukua yangu."

Skolastika aliitazama kalamu ile. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu. Akaisukuma taratibu mpaka upande wa pili wa meza. "Basi si kalamu," alisema. "Mkono wangu ndio hauandiki hilo."

Lyoto alipekua fomu mbele na nyuma kutafuta pa kujaza jambo la namna hiyo. Hakupaona. Ikabidi suala lipelekwe juu.

Juu palikuwa ni Kamati ya Usalama wa Ahadi ya Wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, Meja mstaafu Hokororo, mtu aliyependa mikutano iishe kabla ya chakula cha mchana. Walikaa Jumatatu. Upande mmoja wa meza waliketi Skolastika, Semeni aliyevaa sare yenye mistari mikali ya pasi, na Bibi Mwanahija. Upande wa pili waliketi Lyoto na fomu zake, na wakili kijana aliyetumwa na wizara, ambaye tai yake ilikuwa na rangi zote za bendera.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," wakili alianza, "suala ni jepesi. Wizara imeshatamka kuwa neno hili halina maana ya kidini. Kama halina maana ya kidini, haliwezi kugusa imani ya mtoto. Kama haligusi imani yake, hana sababu ya kulikataa. Anayekataa bila sababu anaikataa nchi. Naomba kuketi."

Alikuwa tayari ameketi.

"Safi," Meja alisema, akitazama saa. "Mwalimu Mkuu, una neno?"

Skolastika alisimama. Alinyoosha kitenge chake.

"Mheshimiwa, mimi nafundisha watoto wadogo, kwa hiyo nauliza kidogokidogo. Kama neno halina maana, Semeni ameacha kusema nini? Watoto wangu huruka maneno kila siku kwa usingizi, na hakuna aliyeletwa hapa. Lakini kama neno lina maana, basi serikali imekuwa na dini. Ninaomba tuambiwe ni ipi, ili sisi watumishi tuhamie kabla ya mwisho wa mwezi."

Meja Hokororo alimgeukia wakili. "Lina maana au halina?"

Wakili alilegeza tai. "Mheshimiwa, lina maana kwa madhumuni ya kutamkwa. Kwa madhumuni ya kulalamikiwa, halina."

Meja alitazama saa tena. Kwa kutafuta msaada popote, alimtazama mwanamke mzee aliyekuwa mwisho wa meza. "Bibi, wewe una la kusema?"

"Mimi baba sikusoma," Bibi Mwanahija alijibu. "Nauliza tu. Huyo mnayemtaja kwenye kazi zenu, mmemwomba ruhusa?"

Karani wa kamati alinong'ona kuuliza kama hilo liandikwe.

Meja Hokororo akafanya anachofanya kila kiongozi wa Lundaya anapokutana na swali: alimpigia simu mkubwa wake. Waziri Tundulazi alikuwa kwenye sherehe ya kukata utepe wa choo cha shule, na nyuma yake bendi ilisikika ikipiga. Meja alieleza yote, kwa heshima, akiwa amesimama. Kila mtu mezani alisikia Waziri alivyouliza:

"Huyo mtoto, hesabu anapata ngapi?"

"Mheshimiwa Waziri, ni wa kwanza wilaya nzima. Tisini na nane."

Bendi ilipiga beti mbili nzima kabla Waziri hajajibu.

"Hatamki jina la Mungu, na anapata tisini na nane?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wanaomtamka?"

Meja alimtazama Lyoto, Lyoto akapekua makaratasi. "Wastani wa ishirini na sita, Mheshimiwa. Umeshuka kidogo tangu waraka, kwa sababu ya muda wa mazoezi ya kidevu."

"Meja, nisikilize vizuri," Waziri alisema, na sauti yake ikawa laini kabisa. "Huyo mtoto afanye mtihani. Alama zake tunazihitaji kuliko mdomo wake. Ila isijulikane kwamba alinyamaza."

"Itajulikanaje, Mheshimiwa, na kila mtu mjini anajua?"

"Basi kunyamaza kuwe ni agizo letu."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Waraka Namba 14B. Ulisema kwamba, kutokana na upendo wa Serikali kwa watoto wake, kuanzia sasa mwanafunzi akifika kwenye maneno "mbele ya Mungu na" anaweza kuyatamka au kunyamaza kwa hiari yake, ilimradi anyamaze kizalendo. Pamoja nao ilikuja barua ya Skolastika. Alipewa onyo kali kwa kosa la kuuliza swali lenye majibu mawili, na aliagizwa siku zijazo aulize maswali yenye jibu moja, na jibu hilo awe analo Waziri.

Skolastika aliisoma barua hiyo akinywa chai. Aliona aibu kidogo, maana onyo hilo lilikuwa la kwanza maishani mwake. Kisha akamwona Semeni dirishani, amechuchumaa na wenzake chini ya ukuta, akiwaelekeza kugawanya desimali kwa kijiti mchangani. Chai ikateremka vizuri.

Ijumaa mwalimu wa zamu aliwasomea watoto waraka mpya. Hakuna mwalimu aliyeongeza neno. Hakuna mzazi aliyeitisha kikao. Watoto walikwenda nyumbani, na kilichosemwa katika nyumba mia mbili na kitu za Darajambili siku mbili zile kilibaki humohumo.

Jumatatu Bwana Lyoto alikuja kushuhudia utekelezaji. Kwa kuwa aliyaamini maagizo, na kwa kuwa alitaka kuwaonyesha watoto jinsi ya kutamka, aliomba aongoze Ahadi yeye mwenyewe. Skolastika alimpisha. Lyoto alipanda ngazi, akaweka mkono kifuani, akavuta pumzi.

"Mimi mtoto wa Lundaya naahidi," alisema, na sauti mia nne na kumi na mbili zikasema pamoja naye.

"Mbele ya Mungu..."

Aliyesema hivyo alikuwa yeye peke yake.

Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza. Hawakupanga. Hata walimu walitazamana. Watoto wengine walikuwa wamefumba macho, wengine midomo ilicheza bila sauti, wengine walitazama mbele tu. Jogoo wa jirani alisikika akiparura majani makavu. Na katikati ya kimya hicho, jina la Mungu, kwa sauti ya mkaguzi mmoja wa wilaya, lilivuka uwanja, likagonga ukuta wa madarasa, likamrudia.

Lyoto hakumalizia. Alibaki mdomo wazi, kama mtu aliyemwita mwenziwe kwa mzaha akasikia anaitikiwa. Watoto walingoja kidogo, kisha wakaendelea bila yeye: "... mbele ya bendera hii: nitaipenda nchi yangu, nitasema kweli..." Wakafika mwisho, wakaangusha mikono, wakaenda madarasani wakisukumana kama siku zote.

Skolastika aliona Lyoto amevua kofia. Fomu zilikuwa zimemdondoka kwenye ngazi na hakuinama kuziokota.

"Bwana Lyoto, unaumwa?"

"Hapana." Alimeza mate, na safari hii koo lilipanda. "Mwalimu, nimelisema neno hilo katika shule sitini na tatu. Sikuwahi kulisikia." Aligeuza kofia mikononi, akateremsha sauti kama anayeomba kitu kisichoruhusiwa. "Hivi, mtu akitaka kumwambia Yeye mwenyewe, si bendera, anaanzia wapi?"

Skolastika alimtazama vizuri, akaona hatanii. Akanyoosha mkono barabarani.

"Ukishuka hapo kushoto utamkuta Padre Fokas, yuko bustanini saa hizi. Ukishika kulia utamkuta Shehe Mwinjaa. Wote wawili watu wazuri, watakupa kiti. Na kama huwataki wote, nenda nyumbani kwako, ufunge mlango." Akachukua chaki zake. "Lakini hapa ni shule, baba. Darasa la pili wananisubiri, leo tunajifunza kusoma saa."